Njia ya Sita

Jeshi alikuwa mtu wa "lete nikuonyeshe". Kama hujawahi kukutana na mtu wa aina hiyo, mshukuru Mungu. Ukishika gitaa mbele yake, kabla hujafika ubeti wa pili mkono wake umeshanyooka: lete nikuonyeshe. Ukikaa kwenye ngoma, vilevile. Kinanda, vilevile. Na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anaweza kweli. Angekuwa hawezi, watu wangemcheka wakaendelea na mambo yao. Lakini ukimpa chombo chako atakipiga kukushinda, halafu atakurudishia akikutazama kama vile amekufanyia hisani.

Hivyo ndivyo alivyolimaliza kundi lake kwa mikono yake mwenyewe. Walikuwa vijana wanne, wanapiga roki nzito, ile ya kutikisa vioo vya madirisha, na kundi lenyewe wakaliita Tetemeko. Mpiga ngoma alionyeshwa mara mbili, mara tatu, mara ya nne akasema basi, kwa kuwa unajua, piga wewe. Akachukua vijiti vyake huyo, akaenda zake. Mpiga kinanda alijikaza mwaka mzima, akapata kazi ya ukarani, hata kuaga hakuaga. Akabaki Jeshi na mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akipiga gitaa la besi.

Mdogo wake walimwita Kesho, maana hakuna jambo alilowahi kulifikia kwa wakati. Mazoezini anafika wenzake wameshalowa jasho. Na kwenye besi ndiyo usiseme! Ngoma ikigonga, yeye yuko nyuma kidogo, kama mtu anayevuka barabara taratibu huku magari yanampigia honi. Wimbo ukiisha, watu wameshainua mikono juu, ndipo yeye anatia noti yake ya mwisho. Dum. Halafu anacheka. Kesho alikuwa na kicheko cha kukusamehesha kila kitu, na Jeshi, pamoja na ukali wake wote, alimpenda mdogo wake huyo kuliko mtu yeyote duniani. Sema tu alipenda muziki wake zaidi, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Lakini hayo tutayafikia. Kwanza tumwone alivyo leo.

Leo Jeshi amekula chumvi nyingi, ana mvi hadi kwenye nyusi, anaishi vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuchapisha kadi. Chumba cha nje ni cha kazi: watu wanamletea spika zilizopasuka, anazishona. Chumba cha ndani kina kitanda, ngoma zilizofunikwa shuka, magitaa manane ukutani, na mtambo wa kurekodia wa zamani, ule wa kanda pana zinazozunguka kwenye magurudumu mawili. Sauti yake, ile iliyokuwa ikijaza ukumbi bila kipaza sauti, ilikatika miaka minane iliyopita. Daktari alimchungulia kooni, akamwambia baba, umepiga kelele za kutosha. Sasa anaongea kama mtu anayenong'ona siri, hata akiwa anaulizia bei ya nyanya.

Alikuwa na jina, usimwone hivi. Baada ya kundi kusambaratika alisimama peke yake, na mabango yakaandika Jeshi la Mtu Mmoja, ndipo jina hilo likamganda. Anapiga gitaa na kuimba huku ngoma alizozirekodi mwenyewe zinatoka kwenye mashine. Katikati ya wimbo anaruka kwenye ngoma zenyewe, na gitaa linatoka kwenye mashine. Watu walimiminika, wakapiga miluzi, wakavunja viti. Akiingia chumba cha wasanii, wenye ukumbi wanakuwa wamempangia viti vinne, kwa kudhani wanakuja watu wanne. Anakaa kimoja, vingine anawekea mabegi. Miaka kumi na saba ya kuzunguka ilikuwa hivyo, mji hadi mji, mabegi yamekaa vitini kama wageni wa heshima. Mama yao, siku alipoletewa santuri mojawapo ya miaka hiyo na kusomewa nyuma ya jalada, ngoma Jeshi, gitaa Jeshi, kinanda Jeshi, besi Jeshi, sauti Jeshi, aliuliza, "Jamani, huyu mtu hana ndugu?"

Watu wote pale sebuleni waliangua kicheko. Jeshi naye akacheka, ila usingizi siku ile haukumjia.

Basi, Kesho alifariki miezi minne iliyopita. Moyo ulimsimama akiwa kwenye karakana yake ya kuchomelea milango na madirisha, kinyago cha kuchomelea bado kiko usoni. Jeshi alisimama nyuma kabisa mazikoni, nyuma ya watu wa karakana, akiwa hana hakika kama ana haki ya kusogea mbele. Ndugu hawa hawakuwa wamegombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Walikuwa wakiamkiana vizuri, wakiulizana habari za afya, wakipeana mikono kwenye harusi, na baada ya hapo hakuna neno.

Aliyemtoa kule nyuma ni binti wa Kesho, mtoto wake wa pekee. Msichana wa miaka ishirini na mitano, anafanya kazi ya kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, mwembamba, na mtulivu kama baba yake. Alimshika mkono mbele za watu, akasema, "Baba mkubwa, unasimama huku kama mpangaji? Njoo."

Jumamosi iliyofuata akamtembelea. Na iliyofuata. Anakuja saa nne, yaani anasema saa nne, anafika saa nne na dakika ishirini, saa nne na nusu, anapanda ngazi bila haraka, anagonga mara mbili. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?" "Njia haikupotea, ni mimi tu." Wanakunywa chai. Anampangusia vumbi, anamgombeza kwa kula mikate mitupu, anamjaribisha miwani. Jeshi alikuwa hajasikia mtu akigonga mlango wake bila kubeba spika kwa muda mrefu kiasi kwamba, niseme tu ukweli, alianza kununua biskuti siku ya Alhamisi. Mzee mzima! Anazificha kabatini asije akazimaliza mwenyewe kabla ya Jumamosi.

Sasa Jumamosi moja binti akaweka kikombe chini, akasema, "Baba mkubwa, nina ombi."

"Sema."

"Ile santuri yenu ya kwanza. Watu wote wanaisifia besi ya baba. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kupimwa macho, akaona jina langu na la baba, Kesho, akaniuliza, wewe ndiye mtoto wa yule mpiga besi? Akaniimbia besi yote kwa mdomo, dumdumdum, mbele ya wagonjwa." Akacheka kidogo. "Lakini nyumbani baba hakuwahi kuupiga wimbo ule, hata siku moja. Nikimwomba anasema, muulize baba yako mkubwa, yeye ndiye anaujua. Basi nakuuliza. Si mlirekodi kwenye kanda, kila chombo na njia yake? Nataka kumsikia baba peke yake."

Jeshi alijiongezea chai. Akasema kanda iko chini ya vitu vingi, itabidi aitafute. Uongo mtupu, kanda ilikuwa nyuma ya mgongo wake, rafu ya pili, na yeye aliijua hata gizani. Akasema aje Jumamosi ijayo.

Wiki hiyo hakushona spika hata moja.

Sikiliza kilichotokea, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Miaka ishirini na sita iliyopita, siku ya kurekodi, Jeshi alishaweka ngoma kwenye njia mbili za kanda, kisha gitaa, kinanda na sauti, kila kimoja kwenye njia yake, yaani mstari wake peke yake kwenye kanda. Ikabaki njia ya sita. Kesho akaingia chumba cha kurekodia, akakaa karibu na spika ya besi, kipaza sauti mbele yake, akapiga wimbo mzima akiwa amefumba macho. Akachelewa, kama kawaida yake. Si sana. Kiasi kile kile cha siku zote. Jeshi alikuwa ng'ambo ya kioo, ameuma meno, lakini mke wa Kesho alikuwa na mimba kubwa, jamaa ana furaha hadi masikioni, hakutaka kumvunja moyo. Akamwambia imetoka vizuri, nenda nyumbani kwa mkeo. Kesho akaacha besi pale pale kitini, akaenda.

Mlango ulipofungwa tu, Jeshi akaiokota besi ya mdogo wake. Lete nikuonyeshe, na safari hii hata mtu wa kumwonyesha hakuwepo. Mtambo ule, ndio huu huu ulioko chumbani kwake leo, una kikanyagio cha mguu: ukikanyaga, kitufe chekundu kinawaka, na chochote kilichokuwa kwenye ile njia kinafutika huku kipya kikiingia. Ukikanyaga tena, unasimama. Akakanyaga. Akapiga wimbo mzima mara moja bila kosa, noti juu ya pigo, na pale wimbo ulipokatika, hapo hapo, akakanyaga tena. Dakika nne. Mdogo wake akafutika. Kwenye jalada akaacha jina lake, besi Kesho, akajiambia si ni heshima hiyo? Kila mtu akaisifia besi. Kesho akapokea sifa kwa mwezi mmoja akicheka-cheka, kisha akasema mtoto anakuja, akafungua karakana, besi asiishike tena.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamkosesha Jeshi raha. Angeweza kumwekea binti kanda, asikie besi safi, alie, amshukuru, arudi Jumamosi nyingine. Nani angejua? Akisema kweli, nani atagonga mlango ule tena? Alipima, akapima, na siku ya Ijumaa jioni akakata shauri: atanyamaza. Mzee hana mtu mwingine. Tusimlaumu haraka.

Jumamosi binti alifika saa nne na dakika ishirini na tano, amebeba machungwa. Hawakunywa hata chai. Jeshi alipandisha kanda kwenye magurudumu, mikono ikimtetemeka kidogo, akashusha njia zote isipokuwa ya sita, akabonyeza. Besi ikatoka peke yake, nzito, imenyooka, mpaka vikombe vikatoa mlio mezani.

Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Jeshi hakumtazama usoni, alitazama magurudumu. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita. Wimbo ulipofika katikati akasikia binti anagonga meza kwa vidole viwili. Tak. Tak. Tak. Akigonga nyuma kidogo ya besi, si sana, kiasi kile kile.

"Huyu ana haraka," binti alisema.

"Nani?"

"Huyu anayepiga. Baba alikuwa akigonga meza hivi kila asubuhi akisubiri chai. Mama alikuwa anamwambia, mume wangu, hata meza unaichelewesha." Aliendelea kugonga, kisha akaacha. "Anapiga vizuri sana, baba mkubwa. Lakini simjui."

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea, bado ulikuwa wazi. Angesema baba yako alikuwa kijana wakati huo, vidole vilikuwa vyepesi, angeamini tu. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Yakatoka mengine.

"Ni mimi," alinong'ona kwa ile sauti yake iliyokatika. "Nilimfuta. Alipoondoka nilimfuta, nikapiga mwenyewe. Jina lake niliacha."

Jeshi akaendelea, maneno yanamporomoka sasa, kwamba alikuwa mjinga, kwamba alitaka wimbo unyooke, kwamba kila mwaka alisema mwaka huu nitamwambia, na kila harusi walipopeana mikono alikuwa na kweli hiyo mdomoni akaimeza pamoja na pilau. Alisema hata lile asilowahi kujikubalia mwenyewe: kwamba alivyokuwa akisikia besi ile inasifiwa, alikuwa anafurahi. Na huku anasema, kanda inazunguka. Maisha yake yote wimbo ukiisha tu kidole chake kiko kwenye kitufe, ni mazoea, lakini siku ile alikuwa anaongea, hakuwahi. Besi ikakatika mwisho wa wimbo. Kimya.

Dum.

Noti moja. Nzito, tulivu, imechelewa, imejiweka hapo baada ya kila kitu kwisha.

Wote wawili waligeukia spika. Kukawa na mkwaruzo, kiti kikasogezwa, halafu kicheko, kile kicheko. "Kaka, nimechelewa tena, eh?" Sauti ya kijana, ya mbali kidogo, imenaswa na kipaza sauti cha besi. "Turudie?"

Baada ya hapo ni mvumo wa kanda tupu.

Binti alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Jeshi naye alikuwa amepigwa na butwaa. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuisikia. Alikanyaga pale wimbo ulipokatika, na Kesho alikuwa amechelewa kiasi kwamba kifutio hakikumkuta. Na siku ya kuchanganya sauti, aliziba njia zote pale pale kwenye pigo la mwisho, kama kawaida yake, mtu wa wakati.

"Ulimjibu nini?" binti aliuliza. Jibu halikuwa kwenye kanda. Jeshi alikuwa ng'ambo ya kioo.

"Nilimwambia imetoka vizuri. Aende nyumbani."

"Alikuwa anataka kurudia."

"Ndiyo."

"Ungemwacha arudie, baba mkubwa!" Hapo sasa alipandisha sauti, mtoto yule mtulivu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Mara moja tu! Ungekufa? Na alijua. Mtu hajui mkono wake mwenyewe? Alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana hakuupiga nyumbani. Muulize baba yako mkubwa! Alikuwa anakungoja wewe useme. Hakukuaibisha hata mbele yangu mimi."

Jeshi alikaa kwenye kiti cha ngoma, mikono mapajani, akalia bila sauti, maana sauti yenyewe hana.

Binti alijifuta uso kwa upande wa mkono. Akasema, taratibu, "Nilikwambia nataka kumsikia baba peke yake. Mwondoe huyo mwingine."

Angeweza kuishusha tu ile njia na kuipandisha mwishoni, ni kazi ya kidole kimoja. Lakini aliinuka, akarudisha kanda mwanzo, akaweka njia ya sita tayari, hakuchomeka chombo chochote, akasogeza kikanyagio karibu na mguu. Binti alielewa anachofanya, hakumzuia. Ila alisema, "Ukipitiliza?"

"Nikipitiliza hatapatikana tena."

Akakanyaga. Taa nyekundu ikawaka. Alipandisha njia nyingine zote asikie alipofika, na wimbo ukaanza: ngoma zake, gitaa lake, kinanda chake, sauti yake ya ujana inanguruma. Chini ya vyote, besi iliyompa mdogo wake jina ikawa inafutika, pigo baada ya pigo. Jasho lilimtoka. Dakika ya tatu akalishika goti kwa mikono miwili, mguu usije ukajikanyagia. Mtu huyu alikuwa amehesabu mapigo maisha yake yote bila kukosea, na sasa hesabu ikamkimbia. Akawa hajui kama ni nane zimebaki au nne. Akaogopa. Akakanyaga mapema.

Wimbo ukaisha. Akarudisha kanda, wakakaa kusikiliza, yeye kwenye kiti cha ngoma, binti kwenye ukingo wa kitanda. Dakika nne za wimbo usio na chini, unaelea, kila kitu kinangoja. Halafu mwisho, kwa kuwa aliharakisha, noti yake moja ilikuwa imebaki, ile juu ya pigo. Na nyuma yake kidogo, ya mdogo wake. Dum, dum.

"Kaka, nimechelewa tena, eh? Turudie?"

"Turudie," Jeshi alisema.

Binti aliichukua kanda, akaifunga kwenye khanga, akaikumbatia. Machungwa aliyaacha mezani. Mlangoni Jeshi alimuuliza, "Jumamosi?"

"Sijui, baba mkubwa," alisema, na akashuka ngazi bila haraka.

Jumamosi ikafika. Jeshi alitandika meza, akatoa biskuti kabatini, akaweka vikombe viwili. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Saa tano ikapita, mtu akagonga, akawa mteja na spika yake. Akamwambia aiache hapo mlangoni. Kabla ya kukaa tena aliigeuza saa ya ukutani ikatazama ukuta. Chai ilikuwa imepoa. Akaipasha moto, akaifunika, akakaa. Ikapoa tena, akaipasha tena.